Sahani kubwa, tonge dogo: Tunakula nini, na tunakula kwa ajili ya nani?

Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, somo letu la wiki hii limetokana na jambo lililonikuta mwenyewe. Nalieleza kama funzo kwangu kwanza, kabla ya kuwa funzo kwa wengine.

Miezi michache iliyopita, rafiki yangu niliyesoma naye Chuo Kikuu alipandishwa cheo kazini. Akatualika watu wanne kula chakula cha usiku katika mgahawa mmoja wa hali ya juu hapa jijini Dar es Salaam. Kuitikia mwaliko wa ndugu Muislamu ni miongoni mwa haki zake juu yetu, basi nikaenda. Tukaletewa sahani pana kama ungo, na katikati yake vipande vitatu vyembamba vya pweza, majani mawili, na povu jeupe mfano wa povu la sabuni. Kusema kweli ilipendeza. Nikatoa simu nikapiga picha. Nilipiga picha kabla ya kupiga Bismillahi.

Sahani ya tatu ilikuwa kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kimezungushiwa mchuzi mweusi unaong'aa. Kabla sijatia mdomoni, mhudumu aliinama kana kwamba anapanga uma na kisu, akaninong'oneza: "Assalaam alaykum ustadh. Huo mchuzi umepikwa kwa mvinyo."

Nilipomtazama, kumbe ni kijana niliyemsomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu hadi kidato cha nne. Nikamuuliza, "Na kile cha mwanzo?" Akajibu, "Pweza hana neno, ustadh. Nilikuwa nasubiri nione kama utauliza."

Nilimweleza mwenyeji wangu kwa upole, naye hakuona vibaya, tukabadilishiwa samaki wa kuchoma. Lakini maneno ya yule kijana sijayasahau. Mimi ndiye niliyemfundisha kuwa chakula cha Muislamu kinatakiwa kiwe halali na kiwe kizuri. Usiku ule mwanafunzi alikuwa amelihifadhi somo, na mwalimu amelisahau kwa sababu ya taa na vitambaa vyeupe.

Mapishi haya yametoka wapi?

Ni vyema tujue asili ya jambo kabla ya kulihukumu. Mtindo wa sahani kubwa na chakula kidogo kilichopangwa kama mchoro ulipata umaarufu Ufaransa. Mwaka 1973 waandishi wawili wa mambo ya chakula, Henri Gault na Christian Millau, walitangaza kanuni kumi za walichokiita mapishi mapya: kupunguza michuzi mizito, kutopika mno, na kutumia vitu vibichi vya sokoni. Wapishi wa Kifaransa waliathiriwa pia na Wajapani, ambao tangu zamani wana mlo wa vyakula vidogo vidogo vinavyoletwa kimoja baada ya kingine.

Baadaye wengine walifika mbali zaidi. Hispania ulikuwepo mgahawa ulioitwa elBulli, wa mpishi Ferran Adrià, ambapo mteja mmoja aliletewa vyakula zaidi ya thelathini kwa mkao mmoja, vingine vikiwa povu tu. Pamoja na umaarufu wote huo, ulifungwa mwaka 2011, ukiwa haupati faida kutokana na chakula chenyewe.

Na zile nyota zinazowafanya matajiri wasafiri nchi hadi nchi kwenda kula, hutolewa na kitabu cha kampuni ya matairi ya Michelin. Kitabu hicho kilianza mwaka 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi na matairi yaishe. Nyota zikaanza mwaka 1926. Kwa hiyo tusidhani kuwa kila chenye nyota kimeshushwa kutoka mbinguni.

Lakini tusiharakishe kusema kuwa kula kwa utaratibu na kwa kupamba ni mambo ya makafiri. Ziryab, aliyefika Andalusia mwaka 822, anatajwa na wanahistoria kuwa ndiye aliyewazoesha watu wa Cordoba kuleta chakula kwa mpangilio, na kutumia vyombo vya kioo badala ya dhahabu na fedha, vyombo ambavyo Mtume (s.a.w.) ametukataza kulia na kunywea. Uzuri haukatazwi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Na Qur'an (7:32) inamkemea anayejiharamishia mapambo na riziki nzuri ambazo Allah amewatolea waja wake.

Basi tatizo liko wapi? Tuyaangalie mambo manne.

Kwanza, kilichomo ndani ya sahani. Wapo wanaosema mvinyo ukipikwa pombe yote huruka. Si kweli. Vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kuwa chakula kilichotiwa pombe na kuchemshwa dakika 15 hubakiwa na kiasi cha asilimia 40 ya pombe ile, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki kama asilimia 5. Chakula kilichowashwa moto juu ya meza ili kupendeza macho hubakiwa na asilimia 75. Halafu kuna vitu vya kugandishwa kama vile jeli na baadhi ya mapovu. Mara nyingi hugandishwa kwa jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwa mmojawapo. Hakuna ulazima huo. Mwani wanaoulima akina mama wa Zanzibar kwenye fukwe za Paje na Jambiani husafirishwa nje na kutolewa unga wa kugandishia vyakula. Kwa hiyo kumuuliza mhudumu si ushamba. Ni haki ya mteja, na kwetu sisi ni wajibu.

Pili, kilichopo pembeni ya sahani. Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) Muislamu amekatazwa kukaa kwenye meza inayozungushiwa pombe, hata kama yeye anakunywa maji. Kama mwaliko ni wa kazini, mwambie mwenyeji mapema. Wengi wataheshimu. Jambo jingine dogo ambalo wengi hulisahau: desturi ya Ulaya ni uma mkono wa kushoto. Sisi tumefundishwa kula kwa mkono wa kulia. Kata nyama yako, kisha hamisha uma. Hakuna atakayekufukuza.

Tatu, gharama. Hapa pana wanaojitetea kuwa chakula kidogo ni sunna, kwani Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tugawe tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Ndugu yangu, tusijidanganye. Lengo la mafundisho yale ni kupunguza matamanio. Mlo wa sahani kumi na mbili za saa tatu unayachochea. Sikuiona bili ya usiku ule, lakini bei za kwenye menyu niliziona. Nilipojumlisha moyoni, nikaona zinatosha kumlipa mwalimu wetu wa madrasa posho ya mwezi mzima na chenji ikabaki. Qur'an (25:67) inawasifu wale ambao wakitoa mali zao hawafanyi israfu wala ubakhili, bali huwa katikati. Simwambii mwenye uwezo asimfurahishe mkewe au wazazi wake siku moja. Namwambia ajiulize: zaka imetoka? Madeni yamelipwa? Jirani amekula?

Na katika gharama tuhesabu pia jasho. Noma, mgahawa wa Copenhagen uliowahi kutajwa kuwa bora duniani, ulitegemea kwa miaka mingi vijana wanafunzi wa mapishi waliofanya kazi bila malipo. Ulianza kuwalipa mwishoni mwa mwaka 2022. Januari 2023 mwenye mgahawa, René Redzepi, alitangaza kuwa biashara ya namna ile haiwezi kudumu. Mtume (s.a.w.) alituamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Uzuri wa sahani usitufanye tumsahau aliyekesha kuipanga.

Nne, nia. Hili ndilo lililoniumiza zaidi. Ile picha niliyoipiga nilikwisha kuiweka kwenye simu watu waione. Wangapi miongoni mwa walioiona walilala na chai ya rangi? Nami niliiweka kwa ajili gani? Kama ni kumshukuru Allah, kwa nini sikuanza kwa jina Lake? Nilipokumbuka, nilisema ile Bismillahi ya mwanzo na mwisho kama tulivyofundishwa kwa aliyesahau, na picha nikaifuta.

Amesimulia Imam Muslim kwamba siku moja au usiku mmoja Mtume (s.a.w.), Abubakar na Umar (r.a.) walitoka majumbani mwao kwa sababu ya njaa. Answari mmoja akawakaribisha, akawaletea tende, akawachinjia mbuzi. Waliposhiba, Mtume (s.a.w.) akawakumbusha maswahaba zake kuwa neema ile wataulizwa Siku ya Kiyama. Ndugu msomaji, watu waliotolewa nyumbani na njaa wataulizwa juu ya tende na mbuzi. Sisi tutajibu nini juu ya povu?

Hitimisho

Vijana wa darasa langu waliniuliza baadaye, je, ni haramu kuingia migahawa ya namna hii? Niliwajibu kuwa asili ya chakula ni halali mpaka ithibiti kinyume chake. Uliza kilichomo, kaa mbali na pombe, lipa kwa mali isiyo na deni la mtu, usijionyeshe, na usiache kitu kwenye sahani, kwani hujui baraka iko katika sehemu gani ya chakula chako.

Usiku ule nilifika nyumbani saa nne na nusu na njaa yangu. Mama watoto alikuwa ameniwekea wali na mchicha kwenye hotipoti. Nilinawa, nikapiga Bismillahi kwa sauti, nikala na mtoto wangu mdogo aliyeamka kunifuata. Chakula cha mtu mmoja kilitutosha wawili, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.).

Allah atujaalie riziki ya halali, atupe shukrani juu yake, na atulipie kheri vijana wetu wanaotukumbusha pale tunaposahau. Amin.

Wallahu a'alam.