SOMO LA MWEZI: ZIMWI LIKUJUALO



Somo letu safari hii lahusu hadithi ambazo vijana wetu, na hasa wasichana, wanazisoma sana. Wengine huzisoma katika vitabu, na wengine hupata vipande katika simu, leo sehemu ya kwanza, kesho sehemu ya pili. Hatukuandika somo hili ili kuwagombeza. Kusoma ni jambo jema. Lakini chakula chochote kinachoingia nyumbani yafaa mama akionje, na hadithi nazo ni chakula.

1. HADITHI ZENYEWE

Mwanzo wake hufanana. Msichana mmoja akutana na mwanamume asiye wa kawaida: ni mnyonya damu asiyekufa, au ni mtu ageukaye mbwa-mwitu usiku, au ni jini mwenye sura nzuri. Wawili hao huchukiana. Hutukanana, hutegeana mitego, pengine mmoja ametumwa kumwua mwenziwe. Kidogo kidogo chuki yageuka kuwa mapenzi, na mwisho wake ni ndoa.

Mambo hayo si mageni. Mwaka 1897 Bram Stoker, mzaliwa wa Ireland, alitoa kitabu cha Dracula, na humo mnyonya damu ni adui wa kuwindwa na kuuawa tu. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, mwaka 2005, Mmarekani Stephenie Meyer alitoa kitabu cha Twilight, na humo mnyonya damu amekuwa mchumba. Msichana wa hadithi hiyo adhani mwanzoni kwamba kijana yule anamchukia. Baadaye twaambiwa kwamba kijana huingia chumbani mwake usiku bila ruhusa ili kumtazama akilala, na jambo hilo lahesabiwa kuwa dalili ya mapenzi. Tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

2. WAZEE WETU WALISIMULIAJE?

Makabila mengi ya kusini mwa nchi yetu yanayo hadithi ya msichana aliyekataa wachumba. Kila kijana wa kijiji aliyekuja alimwona ana kasoro. Siku moja akaja mgeni mzuri, asiye na kovu hata moja, na msichana akampenda papo hapo. Mdogo wake, ambaye mara nyingi husimuliwa kuwa mtoto mwenye vidonda, akawafuata ingawa alifukuzwa njiani. Usiku mtoto yule asiyelala akaona kwamba bwana arusi ni fisi, au simba, au nyoka, na ndugu zake wamekuja kula. Ni yule mwenye vidonda aliyemwokoa dada yake.

Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa UMCA huko Zanzibar, alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Moja yao yasimulia pepo aliyempa Sultani dawa ya kupata watoto kwa sharti kwamba wagawane. Mtoto akapelekwa nyumbani kwa pepo, akakaribishwa vizuri, na baadaye akatambua kwamba wema ule ulikuwa mtego.

Angalieni tofauti. Hadithi za zamani huanza na uzuri na kumaliza na meno, na hizi za leo huanza na meno na kumaliza na uzuri. Wazee waliuliza, "Huyu mgeni mzuri, ndani yake ni nani?" Waandishi wa leo wauliza, "Huyu anayetisha, ndani yake ni nani?" Maswali yote mawili ni ya haki. Hatari ni kulijua moja tu.

3. PEPO ALIYEPENDA

Katika Kitabu cha Tobiti, ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya mwenendo mwema ingawa halikitumii kuthibitisha imani, imo habari ya Sara binti Ragueli. Aliozwa wanaume saba, na wote saba waliuawa na pepo Asmodeo usiku wa arusi. Zipo nakala za kale za kitabu hicho zinazoeleza kwamba pepo huyo alimpenda Sara. Watu wa pwani nao husimulia habari za jini mahaba, ambaye humng'ang'ania mtu na kuwaonea wivu wote wanaomkaribia.

Asmodeo hakumdhuru Sara mwenyewe. Aliwadhuru wengine wote, akamwacha peke yake, akisemwa vibaya na watumishi wa nyumba ya baba yake, hata akatamani kufa. Kitabu kile hakikuyasifu mapenzi ya namna hiyo. Kilimwita mpendaji huyo pepo, kikamfukuza. Kisha Tobia, mume wa kweli, jambo la kwanza alilofanya usiku wa arusi ni kusimama pamoja na mkewe wasali.

Basi kijana asomapo kwamba shujaa wa hadithi amewapiga wote waliomtazama mchumba wake, amemtenga na rafiki zake, na kumchunguza usiku na mchana, na ajue kwamba huyo si mhusika mpya. Ni Asmodeo, amevishwa suti.

4. MNYAMA ALIYEFUNGUA MLANGO

Je, tuseme kwamba adui hawezi kamwe kuwa mpenzi? La. Ziko hadithi njema za namna hiyo, na tutazame mbili.

Ya kwanza ni ile ya Kifaransa ya binti mzuri na mnyama, aliyoitoa Bibi de Villeneuve mwaka 1740, na Bibi de Beaumont akaifupisha mwaka 1756. Mwanzo wake ni mbaya: binti aenda kukaa kwa mnyama ili kuokoa uhai wa baba yake. Lakini kila jioni mnyama amwuliza kama atakubali kuolewa naye, na kila jioni binti akataa, naye halipizi kisasi. Mwishoni amruhusu aende kumwona baba yake. Binti arudi kwa miguu yake mwenyewe, bila kukamatwa. Ni baada ya mlango kufunguliwa ndipo neno lake la kukubali linapokuwa neno.

Ya pili haina mapepo. Ni Pride and Prejudice ya mwaka 1813, iliyoandikwa na Jane Austen, binti wa kasisi wa Kianglikana huko Uingereza. Bwana Darcy, tajiri mwenye majivuno, amposa Elizabeth kwa maneno ya kumdharau yeye na jamaa zake. Akataliwa waziwazi. Afanya nini? Hamtishi. Amwandikia barua moja ya kueleza ukweli, kisha ajirekebisha. Baadaye aisaidia jamaa ya Elizabeth katika aibu kubwa, tena kwa siri, bila kudai malipo. Elizabeth naye aona kwamba alihukumu upesi. Wote wawili walibadilika, na aliyekuwa na nguvu zaidi ndiye aliyejishusha kwanza.

Mtume Paulo, katika sura ya tano ya Warumi, afundisha juu ya upatanisho wa Mungu na watu waliokuwa bado adui. Hapo pia mwenye nguvu ndiye aliyejitoa.

5. MAMBO YETU YA SONGEA

Sisi wa Songea tunayo historia yetu katika jambo hili. Wangoni walifika kutoka kusini katika karne ya 19 wakiwa watu wa vita. Waliteka watu, na wanawake waliotekwa walizaa watoto katika nyumba za watekaji. Watoto walinyonya na lugha ya mama zao, hata lugha ya kwanza ya Wangoni, jamaa ya Kizulu, ikapotea. Kingoni kinachosemwa leo ni cha ukoo wa lugha za wenyeji. Wengi wetu ni uzao wa maadui hao wawili.

Je, hiyo ilikuwa hadithi ya mapenzi? Tusiwe wepesi kusema hivyo. Mateka hakuulizwa. Huenda wengine walipendana baadaye, lakini mtu asiyeweza kusema "sitaki" hajapata nafasi ya kusema "nataka". Yatupasa kuwaheshimu bibi zetu hao kwa kutoyapamba yaliyowapata.

Lakini tunao pia utani. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika miaka ya 1870 na 1880, na leo ni watani. Mtani humsema mwenziwe maneno makali hata msibani, na huyo huyo ndiye anayesaidia katika mazishi. Tofauti ya utani na matusi ni nini? Katika utani wote wawili wana ulimi sawa. Akikusema, nawe wamsema, na hakuna anayerudi nyumbani na jeraha. Hadithi nyingi za adui na mpenzi hupendeza kwa sababu mabishano yake yana ladha ya utani. Msomaji apime tu: je, wote wawili wanaweza kujibu?

6. VIPIMO VITATU

Kwanza: Uadui wao ulitokana na nini? Kama ni kutojuana, majivuno, au ugomvi wa jamaa zao, ukweli waweza kuuponya. Kama ni ukatili, kumfahamu mkatili hakumbadilishi.

Pili: Mlango uko wazi? Je, msichana aweza kukataa, akaondoka, akabaki salama?

Tatu: Nani amebadilika? Kama ni msichana tu aliyejifunza kuvumilia, hapo hapakuwa na upatanisho.

Twasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Wengine huitumia methali hiyo kumshauri binti abaki na mume anayempiga, eti afadhali huyo amjuaye. Sikilizeni tena maneno yake. Haikusema kwamba zimwi halikuli. Yasema lakula, ila labakiza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikubali hata hicho kidogo: kifungu cha 66 chaeleza kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenziwe, na kifungu cha 16 chataka ndoa iwe ya hiari ya wote wawili.

7. NENO KWA WAZAZI

Msinyang'anye simu wala kuchoma kitabu. Kinachofichwa husomwa gizani, na gizani hakuna wa kuulizwa. Afadhali mama aseme, "Mwanangu, hebu nisimulie hiyo hadithi yako." Akisimulia, muulize vile vipimo vitatu. Mkumbuke yule mdogo mwenye vidonda: alifukuzwa, akafuata tu, akakesha. Kila binti aendaye mahali pageni ahitaji ndugu wa namna hiyo, asiyempigia kelele wala asiyemwacha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Simulia hadithi ya msichana aliyekataa wachumba kama ulivyoisikia kwenu. Nani alimwokoa?
2. Kwa nini mnyama alipaswa kufungua mlango kabla binti hajakubali?
3. Taja tofauti ya wivu na ulinzi.
4. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu aliyeambiwa "vumilia tu"? Bila kutaja jina la mtu, tungemsaidiaje?