Mteja anataka mota ya feni ya gari? Muulize kwanza feni inapuliza namba ngapi

Kama unauza spea za mtumba kwa WhatsApp au Facebook huku Biharamulo na Ngara, mvua zikianza tu utapata meseji hii: "Boss, una mota ya feni ya hita ya Noah?" Usikimbilie kujibu "ipo, tuma hela".

Mimi nilijibu hivyo. Mteja wa Ngara akalipa, nikafunga mzigo, nikautuma kwa basi. Kesho yake jioni ananiandikia: "Umeniuzia mota mbovu." Nikamrudishia hela, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi ikawa juu yangu. Mota iliporudi nikaijaribu kwenye betri, inazunguka vizuri kabisa. Kumbe gari lake lilikuwa limeunguza rizista, na mota yake ya zamani ilikuwa nzima.

Kuna watu wa Dar wanacheka wakisikia hita. Lakini feni hiyo hiyo ndiyo inayopuliza AC, na ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo cha mbele. Mtu ametoka Lusahunga alfajiri anaelekea Benaco, mvua inanyesha, gari lina abiria saba, kioo kimejaa ukungu na malori ya Rusumo yanakuja mbele yake. Hiyo spea anaihitaji kweli, na anaihitaji iwe ndiyo yenyewe.

Swali la kwanza la kumuuliza: feni inafanya kazi namba ngapi?

Akikwambia namba 1, 2 na 3 hazipulizi ila ya mwisho inapuliza kwa nguvu, hapo mota ni nzima. Tatizo karibu kila mara ni rizista. Rizista ndiyo inayopunguza umeme ili feni izunguke polepole. Ukiweka namba ya mwisho umeme unaipita pembeni, unaenda moja kwa moja kwenye mota. Muuzie rizista, ambayo kwa kawaida ni rahisi kuliko mota. Ila muombe picha ya soketi yake kwanza. Mara nyingi soketi nayo imeyeyuka, na ukichomeka rizista nzuri kwenye soketi iliyoungua, itaungua tena. Magari yenye AC ya kujiendesha yenyewe (ile unachagua nyuzi joto) hayatumii rizista ya namna hii, yana kifaa kingine cha kielektroniki, kwa hiyo hapo usibahatishe.

Akisema haipulizi namba yoyote, bado usiuze mota. Aangalie fyuzi kwanza. Ikiwa imekatika aweke ya namba ile ile, asiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya, maana hapo anatafuta moto kwenye dashibodi. Fyuzi ikiwa nzima, awashe feni halafu agonge mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikistuka na kuzunguka, kaboni zimeisha. Hapo sasa muuzie mota.

Isipostuka, fundi aitoe. Kwenye magari mengi ya Japani ipo nyuma ya kiboksi cha dashibodi upande wa abiria, kwa chini, imeshikwa na skrubu chache. Atoe kwanza waya wa hasi wa betri, halafu aiunge mota moja kwa moja kwenye betri kwa waya wenye fyuzi. Ikizunguka, ubovu uko kwenye rilei, swichi, waya wa ethi au soketi. Isipozunguka, umeshapata mteja. Aangalie pia chanya na hasi, kwa sababu mota ikiungwa kinyume inazunguka kinyume, upepo unakuwa hafifu, halafu lawama zinakuja kwako.

Kelele za kukwaruza mara nyingi ni majani yaliyoingia ndani, au bushi imelika. Upepo kidogo huku mota inavuma vizuri, ni filta. Kwa vumbi letu la kiangazi filta inaziba kabisa, na hasara yake haiishii hapo: rizista inapozwa na upepo huo huo, hivyo filta ikiziba nayo inaungua mapema. Mota nzito inayozunguka kwa shida pia inavuta umeme mwingi na kuiunguza. Kwa hiyo mteja akirudi mara ya pili kutaka rizista, mwambie akague mota na filta kabla hujampokea hela.

Na kama feni inapuliza vizuri ila hewa ni ya baridi tu, hilo si la feni. Aangalie maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa.

Nakili hii uiweke kwenye majibu yako ya haraka: "Asante kwa kuulizia. Naomba aina ya gari na mwaka, feni inapuliza namba ngapi, na picha ya mota yako na soketi yake." Kabla ya kufunga mzigo, irekodi video mota ikizunguka kwenye betri, umtumie, na wewe ubaki na nakala.