Daftari la Mkulima wa Mboga za Kilimo Hai

Mkulima wa mboga za kilimo hai hukutana na mteja anayemuuliza swali gumu: kwa nini mchicha huu uuzwe ghali kuliko wa jirani? Jibu kwamba haukupigwa dawa ya kiwandani laweza kuwa kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa kila muuzaji anaweza kulitoa. Panahitajika daftari.

Daftari huonyesha kwanza gharama halisi. Tuseme matuta ya mchicha yamegharimu Sh. 12,000 kwa mbegu na samadi, na Sh. 3,000 kwa nauli ya sokoni. Yakitoa mafungu 100 na kila fungu likauzwa Sh. 300, mkulima hurudi na Sh. 30,000 akiamini amepata faida ya Sh. 15,000. Hata hivyo, amefanya kazi siku 4 ambazo kibarua wa Sh. 5,000 kwa siku angelipwa Sh. 20,000. Gharama yote, basi, ni Sh. 35,000, yaani Sh. 350 kwa fungu. Ameuza kwa hasara bila kujua. Mafungu 30 yakinyauka kabla ya kununuliwa, kila lililobaki hubeba gharama ya Sh. 500, ndiyo maana ni busara kutafuta kwanza oda ya mgahawa au shule, kisha kuvuna kwa kadiri ya oda hiyo. Hata dawa ya mwarobaini inayotwangwa nyumbani si ya bure. Saa za kuitwanga nazo ziandikwe.

Daftari hilo hilo ndilo ushahidi. Alama ya Kilimohai hutolewa kwa kufuata Kiwango cha Kilimo Hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007. Ukaguzi wa kampuni ni mzigo mzito kwa mwenye robo eka, hivyo upo mfumo shirikishi wa uthibitisho, ambamo wanakikundi hukaguana mashamba. Huulizana mbegu zilitoka wapi, samadi ilikuwa ya nani, na jirani wa upande wa juu ananyunyizia nini. Kumbukumbu ya kichwani haikaguliki. Tena, mwanakikundi mmoja akinyunyizia sumu kwa siri, wote hupoteza wateja.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vinaweza kutumia takwimu hizo katika andiko la mradi. Afisa kilimo wa kata aombwe kuelekeza namna ya kupanga safu za daftari: tarehe, kazi, matumizi, mavuno na mauzo.