Umeme Ukienda Lazima Urudi: Maswali Yenu Kuhusu Breki za Trela

Nafanya kazi ya umeme wa magari hapa Columbus, Ohio. Wengi wanaoniletea vani zao ni Waswahili wenzangu: akina mama wanaopika kwenye harusi na kuvuta majiko yao, vijana wanaohamisha vyombo vya watu, wazee wanaonunua magari mnadani na kuyapeleka bandarini yakasafirishwe Mombasa au Dar es Salaam. Wote wanavuta trela, na barua nyingi nilizoletewa safari hii zinahusu breki za umeme za trela hizo. Baadhi zimenitia hofu, na hizo ndizo nilizozichagua. Namna ya kukaza skrubu za kidhibiti cha breki hizo chini ya dashibodi sitaieleza. Imo kwenye karatasi inayokuja ndani ya boksi, isomeni.

Nikikanyaga breki, taa zote za trela zinawaka. Si ina maana breki za trela nazo ziko sawa?

Hapana. Taa zina nyaya zake na breki zina waya wake. Kama plagi yako ni ile bapa ya pini nne, haina pini ya breki kabisa: ina ethi, taa za usiku, kushoto na kulia, basi. Breki zinataka plagi ya duara ya pini saba na kidhibiti ndani ya vani.

Shemeji yangu ameunga waya wa breki za trela moja kwa moja kwenye waya wa taa za breki za vani. Anasema kidhibiti ni kupoteza pesa. Nimfuate?

Usimfuate. Ukigusa pedeli kidogo tu, sumaku zinapata volti 12 zote na magurudumu ya trela yanajifunga. Mwambie aukate waya huo leo, kabla hajabeba mtu.

Barua tano zinalia kilio kimoja: kioo cha kidhibiti kinaonyesha nguvu zote, lakini trela haishiki. Mwandishi mmoja ameongeza: "Fundi aliyenifungia alisema waya mweupe si lazima, kwa kuwa chuma cha trela kimeshikana na chuma cha gari."

Maneno hayo ya fundi ndiyo ugonjwa wenyewe. Nimeyasikia kwa mafundi wenye nywele nyeupe na kwa vijana walioanza juzi, kwa hiyo mniwie radhi nikiyajibu kwa urefu.

Ndani ya kila dramu kuna sumaku ya umeme iliyoshikwa na mkono wa chuma. Mkondo ukipita, sumaku inang'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa nao kidogo, na ule mkono unazisukuma brekishuu zigandamane na dramu. Mkondo ukiwa dhaifu, sumaku inateleza tu na brekishuu hazibani. Lakini mkondo hauishii kwenye sumaku. Umetoka kwenye betri, ukapita kwenye kidhibiti na waya wa buluu, na lazima urudi kwenye betri. Njia yake ya kurudi ni waya mweupe, yaani ethi, nayo ni nusu ya kazi yote. Ukitengeneza ya kwenda vizuri ukaidharau ya kurudi, umefanya nusu ya kazi.

Sasa tuitazame hiyo njia ya kurudi ya fundi wetu: ile gololi kubwa ya chuma nyuma ya vani na kikombe cha trela kinachokaa juu yake. Gololi tunaipaka grisi ili isilike. Chini ya grisi kuna kutu, pembeni kuna rangi, na trela ikipita kwenye shimo, kikombe kinaruka na kugusa tena. Hapo ndipo mnataka zipite ampea 12?

Tupige hesabu. Sumaku ya dramu ya inchi 10 au 12 ina ukinzani wa karibu ohmu 4 na huvuta karibu ampea 3. Trela ya ekseli mbili ina sumaku nne, na zikiwa zimeungwa sambamba ukinzani wao kwa pamoja ni ohmu 1. Volti 12 kwa ohmu 1 ni ampea 12. Vizuri. Tuseme gololi yenye grisi na kutu inaongeza nusu ya ohmu tu. Ukinzani wote umekuwa ohmu moja na nusu, mkondo umeshuka hadi ampea 8, na sumaku zinapata volti 8. Volti 4 zimepotea njiani, zimegeuka joto kwenye gololi. Theluthi nzima! Kioo kilichoko mbele yako hakijui habari hiyo. Kinakuonyesha umeme uliotoka kwenye kidhibiti. Uliofika kwenye magurudumu hakiuoni.

Kuna dalili ambayo wengi wenu mmeiandika bila kujua maana yake: ukiwasha indiketa ya kulia, taa nyingine za trela nazo zinapepesa hafifu. Huo ni umeme uliokosa ethi. Unapenya kwenye balbu za taa nyingine ukitafuta njia ya kurudi. Trela yenye dalili hiyo msiipakie mzigo hata kidogo.

Miaka michache iliyopita mteja wangu mmoja aliniletea trela aliyoivuta kutoka Georgia ikiwa na gari juu yake. Alishuka nayo mteremko wa Monteagle kule Tennessee, kwenye barabara kuu ya I-24, ambao madereva wa malori wanauheshimu kwa ukali wake. Breki za vani zilikuwa zikinuka na pedeli ikaanza kuzama, kwa sababu ndizo peke yake zilizokuwa zikizuia uzito wa magari mawili. Mkewe na watoto walikuwa ndani. Nilipoikagua trela ile, sumaku zilikuwa nzima, brekishuu nzima, kidhibiti kizuri cha bei kubwa. Waya mweupe ulikuwa umekatwa na kufungwa kwa tepu. Nilihitaji robo saa tu kuutengeneza. Bado namfikiria yule aliyeukata.

Kwa hiyo: waya mweupe upite kwenye plagi, unene wake usiwe chini ya ule wa buluu, na upande wa vani ufungwe kwenye chuma cha fremu kilichokwanguliwa rangi kikang'aa, au urudi hadi hasi ya betri. Waya mweupe wa kidhibiti chenyewe uende moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Viungo vya chini ya gari mvibane kwa koleo lake na kuvifunika kwa mrija unaonywea ukipashwa moto, ule wenye gundi ndani. Vile vibanio vya plastiki vinavyotoboa ganda la waya, chumvi inayomwagwa barabarani huku wakati wa theluji huvila haraka sana.

Ukitaka kuhakikisha, chukua mita, iweke kwenye volti. Ncha moja iguse hasi ya betri ya vani, nyingine iguse ethi ya sumaku kule kwenye ekseli, huku mwenzako ameshika kitufe cha mkono cha kidhibiti, nguvu ikiwa juu kabisa. Ukisoma chini ya nusu volti, shukuru. Ukisoma volti mbili, tatu, nne, umeshajua breki zako zimeibiwa wapi.

Breka ilikuwa ikikatakata, nimeweka ya ampea 40 na sasa imetulia. Nimefanya vizuri?

Umefanya vibaya sana. Breka ipo kuulinda waya usiungue. Ulichonyamazisha ni mlinzi aliyekuwa akipiga kelele. Sumaku nne zinavuta ampea 12, kwa hiyo breka ya 20 inatosha trela ya ekseli moja au mbili. Ya 30 ni kwa ekseli tatu, zenye sumaku sita na ampea 18. Breka ya kiasi hicho ikikata, mahali fulani waya umechunika na unagusa chuma. Anza kutafuta ndani ya bomba la ekseli: kwenye trela nyingi waya unaovuka kutoka gurudumu la kushoto kwenda la kulia hupita humo, na kila mtikiso unausugua. Mimi huutoa na kuupitisha nje, ndani ya mrija, na kuufunga vizuri.

Na kwa kuwa tumegusa nyaya: Marekani namba ya waya ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Nimeona watu watatu waliozoea milimita za mraba za nyumbani wakinunua namba 18 wakidhani ni nene kuliko 12. Namba 18 ni kama milimita 0.8 za mraba, namba 12 ni kama 3.3, namba 10 ni kama 5.3. Kwa waya wa breki usishuke chini ya unene wa namba 12, na vani ikiwa ndefu au ekseli zikiwa nyingi, tumia namba 10.

Nikiwasha indiketa, breki za trela zinashika na kuachia kwa mdundo uleule.

Waya mwekundu wa kidhibiti umeungwa pabaya. Vani nyingi za Marekani hutumia balbu moja nyuma kwa breki na kwa indiketa. Aliyekufungia ameuchukua umeme baada ya swichi ya indiketa. Mwekundu unapaswa kuungwa penye swichi ya pedeli ya breki, upande ule ambao hauna umeme mpaka pedeli ikanyagwe. Ukimaliza, washa hazadi gari likiwa limesimama uone kama kidhibiti kinashtuka, maana kwenye baadhi ya vani umeme wa hazadi unarudi kwa njia hiyohiyo.

Ila kama vani yako ni ya miaka ya karibuni, swichi ya pedeli huenda inapeleka ishara tu kwa kompyuta na haiwezi kubeba chochote cha ziada. Usiitoboe. Soma kitabu cha gari. Vani nyingi zilizotoka kiwandani na maandalizi ya kuvuta zina soketi maalumu chini ya dashibodi inayosubiri kidhibiti.

Fundi ameniambia sumaku zangu zimeishiwa nguvu, ninunue zote nne mpya. Trela ina miaka mitatu.

Sumaku ya umeme haiishiwi nguvu kama betri ya redio. Inaweza kulika uso, au waya wake wa ndani kukatika au kugusana. Pima ukinzani wake: karibu ohmu 4, iko hai. Itazame uso: ukilika sawasawa, iko sawa. Kabla hujatoa hata dola, mwulize fundi huyo mara ya mwisho brekishuu zilisogezwa karibu na dramu lini. Dramu nyingi za trela hazijirekebishi zenyewe. Hutakiwa kurekebishwa baada ya maili 200 za kwanza, kisha kila maili 3,000. Mwulize pia kama grisi ya beringi haijavuja kwenye sili ikalowesha brekishuu, jambo linalotokea sana kwa wanaoshindilia grisi kwa pampu bila kuzungusha gurudumu. Fundi asiyeweza kujibu haya asiguse trela yako.

Kile kijikamba chenye pini mbele ya trela ni cha nini? Changu kilikatika nikakitoa.

Kirudishe kabla trela haijatoka nje ya geti. Trela ikichomoka kwenye vani, kijikamba hicho kinavuta pini, na betri ndogo iliyo juu ya trela inazipa breki umeme yenyewe. Bila hicho, mtakuwa mmeiachia barabara chuma cha tani mbili kisicho na dereva. Kwa magari ya biashara yanayovuka majimbo, sheria ya shirikisho inataka breki hizo zishike papo hapo na zibaki zimeshika kwa dakika 15 au zaidi.

Kamba ifungwe kwenye fremu ya vani. Ukiifunga kwenye gololi au mnyororo, gololi ikingoka vinaondoka pamoja. Na msiishie kuitazama. Chomoa plagi ya pini saba kwanza, kwa sababu ukivuta pini plagi ikiwa ndani unaweza kuunguza kidhibiti. Kisha vuta pini, jaribu kusogeza trela kidogo: magurudumu yakatae. Rudisha pini mara moja usimalize betri. Trela nyingi zinazoletwa kwangu, betri hiyo imekufa na mwenyewe hajui.

Nina Coaster ya dizeli Dar es Salaam, umeme wake volti 24. Kidhibiti na trela kutoka Marekani vitakubali?

Havitakubali. Ni vya volti 12, utaviunguza.

Niko Leicester, Uingereza, na sioni waya wa breki kwenye trela yangu ya kilo 1,300.

Hauhitajiki. Trela za huko za ukubwa huo hushika breki kwa kusukumwa: vani ikipunguza mwendo, trela inasogea mbele na kuvuta breki zake kwa fimbo na kebo. Kagua kebo hizo.

Kaka, trela yangu ni ndogo. Kwani sheria inanilazimisha?

Majimbo mengi ya Marekani yameweka mpaka wa pauni 3,000, yaani kilo 1,360 hivi, na mengine yako chini ya hapo, kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako na ya majimbo unayopitia. Kanuni ya shirikisho ya magari ya biashara inasamehe trela ya hadi pauni 3,000, ila kwa sharti ambalo watu hawalisomi: uzito kwenye ekseli zake usizidi asilimia 40 ya uzito ulio kwenye ekseli za gari linaloivuta. Mzigo unahesabiwa. Dada mmoja ameniandikia kwamba trela yake ni "nyepesi", kisha akanitajia mafriji mawili, jenereta na matangi ya maji. Dada, maji peke yake ni kilo moja kwa kila lita. Ipeleke kwenye mizani.

Nimefunga kila kitu. Nitajuaje nguvu ya kuweka kwenye kidhibiti?

Kama brekishuu ni mpya, zilainishe kwanza: kutoka maili 40 kwa saa punguza hadi 20 kwa breki za trela, mara 20 hadi 30, ukiziacha zipoe katikati. Kidhibiti chenye kipimo cha mwendo ndani kikae kwa pembe iliyoandikwa kwenye karatasi yake, kielekee mbele. Kikikaa upande kitasoma uongo.

Kisha pakia mzigo unaoubeba kila siku, tafuta barabara tambarare, kavu na tupu. Nenda maili 25 kwa saa, usiguse pedeli, bana kitufe cha mkono hadi mwisho. Ongeza nguvu kidogo kidogo, ukirudia, mpaka magurudumu ya trela yaanze kujifunga, halafu rudi nyuma hatua moja. Hapo ndipo pake kwa mzigo huo, kwenye barabara hiyo kavu. Ukishusha mzigo, au mvua ikinyesha, punguza kabla ya kuondoka.