Ken Walibora: Mwandishi wa Watoto na Vijana

Maisha: Alikuwa mwalimu, mtangazaji na msomi aliyepata shahada ya uzamifu Marekani. Alifariki Nairobi, Aprili 2020.

Kazi: *Siku Njema* (1996), *Ndoto ya Amerika* (hadithi ya watoto) na *Kidagaa Kimemwozea* (2012).

Mtazamo: Huwapa vijana nafasi kuu. Kongowea anatoka Tanga hadi Kapenguria kumtafuta babake. Amani anamsaka aliyeiba mswada wake. Wote wanaonewa na watu wazima, lakini hawakati tamaa.

Zingatia: Wasifu pekee hauleti alama. Taja tendo la mhusika, kisha ueleze linaonyesha nini.

Zoezi: “Kijana si taifa la kesho tu.” Thibitisha ukirejelea Amani. (alama 10)