Kunenepesha Maksai Wangali Vijana

Wafugaji wengi wa nchi kavu, kama vile Laikipia na Isiolo, hupenda kuwaweka maksai wao hata wafikie miaka 5 au 6, wakidhani kuwa thamani huzidi kwa umri. Mizani haikubali. Mvua inyeshapo maksai hunenepa; kiangazi kijapo hukonda, na majani ya mvua ya pili kazi yake ya kwanza ni kurudisha kilichopotea. Hivyo mwenyewe hulipia nyama ile ile mara mbili, nayo huzidi kuwa ngumu. Ukame kama ule wa mwaka 1984 humaliza hesabu yote.

Mnyama akuapo hujenga mifupa kwanza, kisha nyama, na mafuta huja mwisho. Kuongeza kilo ya mafuta hutaka chakula kingi kuliko kilo ya nyama. Ndiyo sababu maksai mzee hula sana akaongezeka kidogo. Afaaye kulishwa zizini ni kijana wa miaka 2 hivi, mwenye kiunzi kizuri. Huko Lanet, karibu na Nakuru, majaribio ya namna hiyo yalifanywa tangu mwisho wa miaka ya 1960, na ng'ombe wa Borana walionekana kufaa.

Maksai wa kilo 250 hula kadiri ya kilo 6 au 7 za chakula kikavu kwa siku: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au majani makavu, mahindi yaliyoparazwa, molasi, na mashudu ya pamba. Maji na chumvi visikosekane. Akitunzwa vema, aweza kuongeza kilo moja hivi kila siku kwa miezi mitatu. Lakini kwanza aoshwe kupe na kupewa dawa ya minyoo, kwani minyoo nayo hupenda mashudu.

Hatari kubwa ni haraka. Nafaka nyingi zikitolewa kwa ghafula huchachuka tumboni. Maksai aliyekuwa mzima jioni hukutwa asubuhi amelala, hacheui, pengine amekufa. Yapasa kuanza na kibaba kidogo, kuongeza polepole kwa muda wa majuma matatu, wala mabua yasiondolewe kabisa.

Shina la mkia na mbavu za nyuma zikiguswa na kuonekana zimefunikwa mafuta laini, mnyama yu tayari, na mnunuzi atafutwe juma hilo hilo.