Kijana wako akiwa hana amani na usukani

Dondoo kwa mzazi mwenye kijana mkubwa anayegonga gari au kuandikiwa faini kila mara

Kabla ya kugombana, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa Polisi wa Usalama Barabarani. Makosa mengi yakiwa ya kupita mwendo kwenye vibao vya 50, shida ni haraka. Akiwa anagonga nguzo na kukwaruza ukuta jioni, anza na macho. Mpeleke akapimwe.

Faini alipe mwenyewe, hata kama utamkopesha na kumkata kidogo kidogo. Ukimlipia kimyakimya kila mara, umemnunulia kosa lijalo.

Soma bima yenu. Bima ndogo inamlipa mliyemgonga. Bampa lenu lililopondeka ni la mfukoni.

Halafu muulize habari za usingizi, kazi na moyo wake, wakati hamko ndani ya gari. Kijana aliyekosa ajira, asiyelala, au anayetetemeka tangu ajali iliyopita hatatulia kwa kufokewa. Huyo anahitaji daktari au mshauri nasaha, na wiki kadhaa za kupanda daladala bila kuonekana ameadhibiwa. Hili wazazi wengi hulikwepa, wakakimbilia kuficha funguo.

Pombe ni tofauti. Hapo funguo zifiche, bila mjadala.

Akirudi barabarani, mtafutie mwalimu wa udereva, saa chache, alfajiri magari yakiwa machache. Usimfundishe wewe, mzazi kwenye kiti cha abiria hukanyaga breki zisizokuwepo.